Mpunga Pori wa Vinamasini: Kwa Nini Kuhifadhi Spishi Hakutoshi

Ukiwauliza wahifadhi kuhusu mpunga pori wa Afrika, ule unaoitwa kitaalamu Oryza longistaminata, wengi watakwambia una bahati. Unaota kuanzia Senegali hadi Ethiopia, unashuka kupitia Uganda, Kenya na Tanzania hadi Zambia, Botswana na Afrika Kusini, na ng'ambo ya bahari unapatikana Madagaska. Umo kwenye vinamasi, kingo za maziwa, madimbwi ya msimu na mabonde yanayofurika, na penye majaruba unaweza kuwa mwingi kiasi cha kumkera mkulima. Uhifadhi uliozoeleka huuliza kama spishi ipo au inatoweka, na hapa jibu ni jepesi: ipo, tena tele. Ninachotaka kuonyesha katika mhadhara huu ni kwamba swali hilo silo. Kinachoweza kumfaa mkulima wa mpunga kesho hakikai katika spishi kwa ujumla wake. Kimetawanyika katika makundi ya mmea huu, kinamasi kwa kinamasi, wala hakikutawanyika sawasawa, na kundi moja laweza kufa likaenda na kitu kisichopatikana pengine popote, huku spishi ikiendelea kuhesabiwa kuwa salama.

Tuanze na tabia za mmea wenyewe, kwa sababu ndizo zinazoamua mengine yote. Mpunga pori huu ni wa kudumu. Chini ya tope una mashina yanayotambaa na kuchipua mbali na shina mama. Kiangazi kikikausha majani, mashina hayo hubaki hai ardhini, na mvua zikirudi huchipua upya. Mmea hufikia mita mbili na zaidi, na katika maji ya kina hurefuka kuyafuata yanapopanda. Chavua yake huchukuliwa na upepo, na ikiangukia ua la mmea uleule ulioitoa, kwa kawaida ua hilo huikataa. Kwa hiyo ili utoe punje unahitaji mwenzi mwenye nasaba nyingine. Punje zenyewe zikikomaa hupukutika mara moja majini, jambo linalowatesa wakusanyaji wa mbegu. Una kromosomu 24 kama mpunga tunaoulima, na jenomu yake ni ya kundi moja na ya mpunga huo, ndiyo sababu inawezekana kuizalisha pamoja, ingawa kwa taabu kubwa. Tusiuchanganye na jamaa yake Oryza barthii, wa msimu mmoja, ambao kwa kawaida hujichavusha wenyewe. Huo ndio uliozaa mpunga wa kale wa Afrika Magharibi, Oryza glaberrima.

Sasa tazama mahali unapoishi. Katika delta ya ndani ya Mto Niger, nchini Mali, kwenye nyuzi 15 hivi kaskazini ya ikweta, mafuriko hufikia kilele karibu na Oktoba na Novemba, mvua za eneo lenyewe zikiwa zimekwisha. Katika delta ya Okavango, nchini Botswana, nyuzi 19 hivi kusini, maji hutoka milima ya Angola na kufika sehemu za chini za delta kati ya Juni na Agosti, yaani katikati ya kiangazi. Katika Bonde la Kilombero, nchini Tanzania, maji hujaa kwenye masika, kati ya Machi na Mei. Mpunga, wa porini na wa shambani, hupima majira kwa urefu wa mchana na usiku. Kule Niger na Okavango tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote ni kama saa mbili. Kilombero haizidi sana saa moja. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria ni dakika chache tu. Mmea unaochanua kwa wakati wake Mali, ukihamishiwa Kilombero, hauna namna ya kuisoma kalenda ya huko. Mmea huohuo, kwa jina hilohilo, umelazimika kutatua tatizo hilo mara nyingi, na haiyumkiniki majibu yote yawe yameandikwa kwa jeni zilezile. Bado sijagusa chumvi, kina cha maji, aina za udongo na magonjwa.

Hapa mwanasayansi makini atanisimamisha, na pingamizi lake ni zito kuliko yote nitakayoyataja. Mwaka 1989 James Hamrick na Mary Jo Godt walichapisha muhtasari mkubwa wa tafiti za tofauti za kijenetiki katika mimea. Walionyesha kwamba katika mimea inayojichavusha, karibu asilimia 51 ya tofauti hizo huwa kati ya kundi na kundi. Lakini katika mimea inayochavushana kwa upepo, ni kama asilimia 10 tu iliyo kati ya makundi, na asilimia 90 iliyobaki imo ndani ya kila kundi. Mpunga pori wetu ni wa aina hii ya pili. Basi, atauliza mpinzani, mbona unahangaika na bara zima? Chagua kinamasi kimoja kikubwa, kilinde vizuri, nawe utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya mali. Ni hoja yenye hesabu ndani yake, na kwa miaka mingi imewashawishi watu wenye akili timamu.

Kasoro yake imo katika kile kinachohesabiwa. Asilimia hizo ni wastani, na wastani hujengwa zaidi na aleli (sura mbalimbali za jeni moja) zilizo za kawaida, zile zinazopatikana karibu kila mahali. Tena alama zinazotumika siku hizi kupima tofauti za namna hii, kama vile mikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, huchaguliwa kwa kuwa zinabadilika-badilika bila kuuathiri mmea, kwa hiyo hazituambii mmea unaweza kufanya nini. Mzalishaji wa mbegu hatafuti aleli ya kawaida; hiyo anayo tayari. Anatafuta ile adimu iliyoongezeka mahali fulani kwa sababu mahali hapo palikuwa na ugonjwa fulani, chumvi fulani, au mafuriko ya namna fulani. Tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu nyepesi. Kuna vinamasi 20, na katika kimoja tu, ambacho hatukijui, kuna aleli ya kinga inayobebwa na asilimia 5 ya nakala za jeni husika. Mkusanyaji wa kwanza anachagua kinamasi kimoja kwa kubahatisha na kukusanya mimea 1,000. Uwezekano wa kuipata aleli hiyo ni uwezekano wa kuwa amechagua kinamasi chenyewe: moja kwa ishirini, asilimia 5. Mkusanyaji wa pili anachukua mimea 50 kutoka kila kinamasi. Jumla ni mimea 1,000 ileile. Lakini katika kinamasi chenye hazina anapata nakala 100 za jeni hiyo, na uwezekano wa zote 100 kuikosa aleli ni chini ya asilimia moja. Jasho ni lilelile. Mmoja ana nafasi ya asilimia 5, mwingine zaidi ya 99. Wala hahitaji hata mimea 50: mimea 30 kwa kila kinamasi inampa uhakika wa asilimia 95. Wastani wa tofauti ndani ya makundi unaweza kuwa mkubwa upendavyo. Hauligusi jambo hili.

Atakayesema mfano wangu wa vinamasi 20 ni wa darasani tu, na aangalie historia ya mpunga. Katika miaka ya 1970 virusi vinavyodumaza mpunga, vinavyoenezwa na wadudu wadogo wa kahawia wanaofyonza utomvu, vilishambulia mashamba ya Asia. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, ilichunguza sampuli zaidi ya 6,000 za mpunga wa shambani na wa porini. Kinga ilipatikana katika sampuli moja tu ya mpunga pori Oryza nivara, iliyotoka jimbo la Uttar Pradesh nchini India. Sampuli nyingine za spishi hiyohiyo hazikuwa nayo. Kutokana na kinga hiyo, Gurdev Khush na wenzake waliingiza jeni yake katika mbegu iitwayo IR36, iliyotolewa mwaka 1976. Katika miaka ya 1980 mbegu hiyo ilikuwa ikilimwa kwenye takriban hekta milioni 11. Kama wakusanyaji wangeridhika kwamba Oryza nivara tayari iko ghalani kwa vile kuna mifuko kadhaa yenye jina hilo, IR36 isingekuwepo. Mpunga pori wa Afrika nao una kisa chake. Mwaka 1977 watafiti wa Cuttack, India, walibaini kwamba mmea wa Oryza longistaminata uliotoka Mali ulihimili ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga. Kuihamisha kinga hiyo hadi kwenye mpunga wa shambani kulichukua takriban miaka 12 huko IRRI, na mwaka 1995 maabara ya Pamela Ronald huko California ikaitenga jeni yenyewe, Xa21. Dunia nzima inaijua jeni hiyo kwa sababu mtu mmoja alichuma punje mahali pamoja nchini Mali.

Ukiwa kando ya kinamasi, hata hivyo, macho yanadanganya. Kwa kuwa mmea hutambaa chini ya tope, eneo kubwa lililojaa mashina ya kijani linaweza kuwa mmea mmoja tu, umejirudia mamia ya mara. Mkusanyaji anayekata majani kutoka mashina kumi yaliyosongamana anaweza kuwa amechukua sampuli moja mara kumi. Kuna la kutisha zaidi. Mmea usiokubali chavua yake mwenyewe, ukibaki peke yake kwenye kidimbwi, hautoi mbegu za maana. Unaendelea kuishi, kila anayepita anauona, lakini umekoma kuzalisha vizazi vipya vyenye mchanganyiko mpya wa jeni. Kundi la namna hiyo liko hai kwenye ramani, ilhali kijenetiki ni mfungwa. Na vidimbwi vya namna hiyo ndivyo tunavyovitengeneza kila tunapovunja mfululizo wa mafuriko. Katika nyanda za Kafue, Zambia, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970, moja juu ya nyanda na jingine chini yake, yalibadilisha majira na kiasi cha maji. Nchini Tanzania, Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, na wataalamu wanalihusisha jambo hilo na matumizi ya maji katika bonde la Usangu, ikiwemo kilimo cha mpunga. Kilombero iliorodheshwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, na watu wanaisifia kwa sheshe wake. Nyasi anazokanyaga sheshe hazitajwi sana. Chini zaidi, maji ya Kilombero yanakoelekea, tambarare za Rufiji sasa zinapokea maji kadiri yanavyoachiwa na Bwawa la Julius Nyerere. Sisemi umeme wa megawati 2,115 usizalishwe. Nasema mafuriko ndiyo yaliyokuwa yakibeba punje na vipande vya mashina kutoka kundi hadi kundi, na katika tathmini za mazingira ni nadra kuona kazi hiyo ikihesabiwa.

Wengine watajibu kwamba tuna maghala ya mbegu, hivyo vinamasi vikauke kama vikikauka. Maghala ni mema. IRRI ina sampuli zaidi ya 130,000 za mpunga, AfricaRice ina maelfu yake, Kenya ina ghala la taifa Muguga na Tanzania ina lake Arusha. Lakini ghala lilibuniwa kwa ajili ya mbegu kama za mpunga wa shambani, unaojichavusha na kuzaa watoto wanaofanana na mzazi. Mpunga pori huu unatoa punje chache, zinazopukutika, na kila punje ni mchanganyiko mpya. Mbegu zinapozeeka ni lazima zipandwe upya. Kama imebaki mimea mitano kwenye vyungu ndani ya kibanda cha wavu, kizazi kinachofuata kitabeba jeni za hiyo mitano tu, na aleli adimu huwa za kwanza kupotea. Upepo ukipitisha chavua kutoka chungu cha jirani, mfuko wenye jina la Mali utakuwa na nusu ya nasaba kutoka kwingine. Isitoshe, kilichomo ghalani kiliacha kupambana na magonjwa siku kilipovunwa. Virusi vya ugonjwa ambao wakulima wa Tanzania wanauita kimyanga, vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966, vimeendelea kubadilika tangu wakati huo, na wataalamu wanaofuatilia nasaba zake wanaona asili yake iko Afrika Mashariki, ambako aina zake ni nyingi zaidi. Mpunga pori wa vinamasi vyetu unakutana na virusi hivyo kila msimu. Mbegu iliyogandishwa haijakutana navyo.

Kuna pingamizi jipya, linalopendwa na vijana wa maabara: siku hizi jenomu husomwa kwa gharama ndogo na jeni huhaririwa, basi tutaandika wenyewe kinga tunayoitaka. Kuhariri ni ufundi wa ajabu, ila anayehariri lazima ajue cha kuandika. Xa21 haikubuniwa na mtu. Ilionekana kwanza shambani, mmea ulipokataa kuugua, na miaka 18 ikapita kabla ya mtu kuusoma mfuatano wake. Jenomu ya Oryza longistaminata imesomwa na kuchapishwa katika karne hii, lakini jenomu ya mmea mmoja haiwezi kutuambia yaliyomo katika jenomu za makundi ambayo hayajaguswa. Kadiri zana za kuhariri zinavyokuwa kali, ndivyo thamani ya kielelezo cha asili inavyopanda. Mpunga wa kudumu wa Yunnan ni ushahidi: Wachina walizalisha mpunga wa shambani na mpunga pori wa Afrika, wakaokoa viinitete vya machotara kwa kuvilea maabara, na mwaka 2018 wakatoa mbegu iitwayo PR23, inayopandwa mara moja na kuvunwa misimu kadhaa. Katika majaribio ya miaka minne ilitoa wastani wa tani 6.8 kwa hekta, sawa na mpunga wa kupandwa kila msimu, na mwaka 2021 zaidi ya wakulima 44,000 walikuwa wakiilima. Walichokiazima ni ile tabia ya kutambaa chini ya tope ambayo mkulima wa Mbarali, kule Usangu, huihesabu kuwa balaa.

Na mkulima huyo ana haki ya kusikilizwa. Katika jaruba, mpunga pori ni gugu baya: jembe la trekta likikata shina la ardhini vipande vitano, limepanda magugu matano. Pia unabeba virusi vya kimyanga na kuvivusha kutoka msimu hadi msimu. Kumwambia mtu mwenye ekari mbili za mpunga wa Supa autunze mmea huo kwa faida ya sayansi ni kumtania. Lakini hoja ya makundi inamsaidia hapo, haimdhuru. Kama thamani ingekuwa katika spishi nzima, kila shina lingekuwa la kulindwa. Kwa kuwa thamani iko katika makundi yaliyokaa mahali pao kwa muda mrefu, yenye mimea mingi ya nasaba mbalimbali, magugu ya jaruba yang'olewe bila kusitasita; mara nyingi ni mimea michache iliyojirudia, na mingine huenda imeshachanganyika na mpunga wa shambani. Ulinzi uende kwenye vinamasi vilivyo mbali na mashamba, ambako chavua ya mbegu za shambani kama Supa au SARO 5 haifiki kwa urahisi. Umbali huo hauhitaji kuwa mkubwa, kwani chavua ya mpunga haidumu muda mrefu hewani, lakini unahitaji kupangwa kabla skimu ya umwagiliaji haijachorwa.

Limebaki swali la nani anafaidika. Chuo Kikuu cha California kilianzisha mfuko mwaka 1996 ili sehemu ya mapato ya Xa21 irudi katika nchi chimbuko, jambo la heshima kwa wakati wake. Lakini bidhaa za kibiashara zilizotarajiwa hazikufika sokoni, na mfuko ukakosa cha kugawa. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo tufunge milango. Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea wa mwaka 2001, pamoja na Itifaki ya Nagoya ya 2010, tayari vimeweka taratibu za kugawana manufaa, na zile za Nagoya hutegemea sana jambo moja: kujua sampuli imetoka wapi hasa. Mfuko wa mbegu ulioandikwa jina la nchi tu haudai kitu kwa niaba ya kijiji chochote. Hapa maslahi ya haki na ya sayansi yanakutana katika kazi ileile ya uwandani, isiyo na gharama kubwa: kila kinamasi kiwe na alama yake kwenye ramani, majani ya mimea 30 hadi 50 yachukuliwe kwa kuachiana nafasi ya kutosha ili mmea mmoja usihesabiwe mara mbili, punje zivunwe kabla hazijapukutika, na kina cha maji, majira ya kuchanua na magonjwa yaliyoonekana viandikwe palepale. Timu ndogo ya chuo kikuu, pamoja na maofisa ugani wanaoyajua mabonde yao, inaweza kuanzia Kilombero, Usangu, Rufiji na Malagarasi, kisha ikalinganisha matokeo na wenzao wa Tana, Kafue na Niger. Rufiji ningeitanguliza, kwa kuwa ndiko majira ya maji yanakobadilika sasa hivi, na kipimo cha hali ya kabla hakichukuliwi baadaye.